UZI: Kazi ya kocha mkuu wa voliboli chuo kikuu, kuanzia kupanga kikosi hadi karatasi ya mpangilio

Nafasi_ya_Sita (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Vijana wanaotaka kuwa makocha wakuu wa voliboli vyuoni wanauliza sana, na majibu yametapakaa kila kona. Tuyakusanye hapa. Naanza na kikosi, maana hapo ndipo kocha wa chuo anapoachana kabisa na kocha wa klabu.

Mchezaji wa klabu anaweza kukaa miaka 10. Wa chuo tarehe yake ya kuondoka inajulikana tangu siku anaingia: miaka 3, 4, mara chache 5, anahitimu, kwaheri. Kila mwaka kama robo ya timu inakwenda. Kocha asiyeliangalia hilo mapema anajikuta msimu mmoja ana washambuliaji sita wazuri na hana mtu wa kuwawekea mpira.

Chora jedwali. Juu weka miaka ya masomo, pembeni weka nafasi. Kikosi cha watu 16 au 17 kinakaa vizuri hivi: seta (anayewawekea washambuliaji mpira) 3, washambuliaji wa kushoto 4 au 5, wa kati 4, wa kulia 2, libero (mlinzi maalum wa nyuma) na walinzi wengine wa nyuma 3. Ukimaliza, tazama mstari wa seta kabla ya mingine yote. Seta watatu wa mwaka mmoja ni hatari, kwa sababu wataondoka pamoja na katikati yao wawili watakaa benchi miaka yote. Seta wa mwaka wa mwisho ambaye nyuma yake hakuna wa mwaka wa kwanza au wa pili ni shimo linalokusubiri. Nafasi hiyo haizibiki kwa haraka: seta lazima ajue kila mshambuliaji anataka mpira wa urefu gani, anakanyaga lini, anapoteza wapi akichoka. Hayo ni mazoea ya misimu miwili, si ya wiki mbili.

Baada ya seta, tazama wa kati. Mpira wa haraka unahitaji wa kati awe tayari hewani, au anaruka, seta anapougusa mpira. Jozi mpya ya seta na wa kati hukosana hapo kuliko pengine popote. Libero anaweza kuingia mgeni na akacheza vizuri mwezi wa kwanza, ilimradi miguu yake ipo.

Mkono_Mrefu

Umesema kweli mkuu. Niongeze upande wa kusajili.

Kosa kubwa ni kuandika urefu wa mwili kwenye daftari na kuishia hapo. Pima mambo mawili: anagusa wapi akisimama na mkono juu, na anagusa wapi akikimbia na kuruka. Wavu wa wanawake uko sentimita 224, wa wanaume 243. Msichana wa sentimita 180 anayegusa 300 akiruka ana faida kuliko wa 188 anayegusa 290. Halafu angalia anarudia mruko uleule mara ngapi. Mruko wa kwanza wa siku haukuambii lolote kuhusu seti ya tano.

Kwenye video omba mechi nzima, usiridhike na vipande vya pointi nzuri. Vipande vinaficha mapokezi, na mshambuliaji wa kushoto asiyeweza kupokea servisi unamlipia kwa kubadilisha mchezaji kila akienda nyuma. Ukienda kumwona ana kwa ana, mtazame baada ya mpira kufa: anarudi wapi, anamwambia nini seta, anaangalia nani anafuata kupiga servisi. Mkono unafundishika polepole. Macho na miguu vinafundishika polepole zaidi.

Kwa wanaofuatilia Marekani: kocha wa daraja la kwanza la NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko) haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji wa voliboli kuhusu usajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya juu. Wasaidizi huandaa orodha na video miezi mingi kabla, ili siku hiyo simu zipigwe kwa mpangilio wa nafasi zinazohitajika kwenye jedwali alilolisema mleta uzi.

Kocha_Mtarajiwa

Asanteni wakubwa. Swali: mtu anapandaje hadi kuwa kocha mkuu? Lazima uwe umecheza kiwango cha juu?

Benchi_la_Ufundi

Ndugu, kucheza kunasaidia, ila kinachokufikisha ni miaka ya usaidizi. Njia ya kawaida: mchezaji, kisha msaidizi wa kujitolea au wa mazoezi, msaidizi kamili, msaidizi mwandamizi mwenye jukumu lake (ulinzi, au kuchambua wapinzani, au usajili), kisha kocha mkuu wa chuo kidogo, ndipo kikubwa. Sambamba na hayo zipo kozi za FIVB (shirikisho la voliboli la dunia) za ngazi ya I, II na III, zinazoombwa kupitia shirikisho la nchi.

Tazama mifano inayojulikana. Dani Busboom Kelly alichezea Chuo Kikuu cha Nebraska, akahama kutoka useta kwenda libero mwaka 2006, timu ikachukua ubingwa. Akarudi hapo kama msaidizi, akawemo kwenye benchi la mabingwa wa 2015. Mwaka 2017 akachukua Louisville kama kocha mkuu na akaifikisha fainali ya NCAA mara mbili, 2022 na 2024. John Cook, kocha mkuu wa Nebraska, alipostaafu mwanzoni mwa 2025, Nebraska wakamwita nyumbani. Katie Schumacher-Cawley naye alikuwa mchezaji wa Penn State iliyotwaa ubingwa 1999, akafundisha kwingine, akarudi kama msaidizi, akawa mkuu 2022. Mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la wanawake, huku akitibiwa saratani.

Na kocha aliyemfundisha yeye, Russ Rose, ni somo la subira. Alianza Penn State 1979. Ubingwa wa kwanza wa NCAA ukaja 1999, miaka 20 baadaye, baada ya kupoteza fainali tatu. Akastaafu 2021 akiwa na mataji 7. Viongozi wa michezo wanaotaka taji ndani ya miaka mitatu wanaomba kitu ambacho mabingwa wengi hawakukitoa kwa muda huo.

Ushauri wa vitendo kwa msaidizi: chagua jukumu moja ambalo timu ikikukosa itapwaya. Anayesimamia mapokezi kwa msimu mzima na kuonyesha namba zimetoka wapi zikafika wapi, anaitwa kwenye usaili.

Seta_Mkongwe

Tuje mazoezini sasa, maana huko ndiko saa zinaliwa.

Chuo kina kikomo cha muda. Kule NCAA ni saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku 1 ya mapumziko kamili. Hata pasipo sheria hiyo, maabara na mitihani vinakata muda wako. Kwa hiyo zoezi lisilo na wavu, servisi au mapokezi ndani yake lijieleze kwa nini lipo.

Kipindi cha saa 2 na nusu, siku nzito:

Dakika 15 kupasha mwili, zikimalizika na kutua kwa miguu miwili, magoti yasiingie ndani. Dakika 25 servisi dhidi ya mapokezi, wapokeaji watatu, servisi za kweli kutoka mstari wa nyuma. Dakika 25 seta na washambuliaji, lakini mpira uanze na pasi ya mtu, usiwe wa kurushwa na kocha kutoka mkononi. Dakika 20 bloku (kuzuia mpira juu ya wavu) na ulinzi. Zinazobaki, sita kwa sita zenye alama, pamoja na mapumziko mafupi ya maji.

Kwenye sita kwa sita tumia alama ya mafungu: timu inapata alama kubwa moja ikishinda mpira wa servisi na mpira wa pili unaorushwa papo hapo. Ikishinda mmoja na kupoteza mmoja, hakuna alama, mnaanza upya. Hii inafundisha kuendelea baada ya pointi nzuri, kitu ambacho kurudia mpira uleule mara 50 hakifundishi.

Hapo kwenye kurudia ndipo makocha wengi hukosea. Ukimrushia mpokeaji mipira 50 ya aina moja, mahali pamoja, ataonekana amepona ifikapo mpira wa 30. Kesho kwenye mechi anapotea, kwa sababu kazi yenyewe ya kupokea ni kumsoma mpigaji: mkono, mrusho wa mpira, umbali aliosimama. Mpira unaotoka mkononi mwa kocha mita 5 mbele hauna hayo. Changanya wapigaji, changanya servisi ya kuelea na ya kuruka, mpokeaji asijue inayofuata. Zoezi litaonekana bovu, makosa yatakuwa mengi, na kujifunza kutabaki.

Takwimu_Tu

Naunga mkono hapo pa makosa mengi. Sasa namba, ambazo msaidizi mmoja anaweza kuzichukua kwa kalamu tu.

Mapokezi: mpe kila mpira alama 0 hadi 3. 3 ni mpira uliofika kwa seta na chaguo zote zikawepo, 2 ni wa kati kuwa vigumu kumpa mpira, 1 mpira wa juu wa pembeni tu, 0 ni mpinzani kupata pointi kwa servisi yake. Mtu akipokea 20: tisa za 3, tano za 2, nne za 1, mbili za 0. Jumla 41, gawanya kwa 20, ni 2.05. Usimpime kwa mechi moja. Subiri apate mipira 60 au zaidi.

Shambulizi: pointi toa makosa, gawanya kwa majaribio yote. Pointi 17, makosa 6, majaribio 40, ni 0.275. Mpira uliozuiwa ukarudi chini upande wako ni kosa.

Namba inayoniamulia mambo mengi zaidi ni ya mzunguko, yaani mpangilio wa wachezaji sita unaosogea nafasi moja kila mnapopata haki ya servisi. Kwa kila mizunguko yako sita, andika umepokea servisi mara ngapi na ukashinda mara ngapi, kisha umepiga servisi mara ngapi na ukashinda mara ngapi. Timu nyingi zina mzunguko mmoja unaovuja. Mara nyingi ni ule wa seta yuko mbele, washambuliaji wa mbele wamebaki wawili, na mpokeaji dhaifu kabanwa kwenye kona. Ukiujua, unaweza kuanza seti ukiwa umeuweka mwisho wa duru, ili uutembelee mara chache.

Mkono_Mrefu

Mkuu Takwimu, vipi makosa ya servisi? Mimi bado naona mchezaji wa chuo anayekosa servisi 4 kwa mechi anatoa zawadi.

Takwimu_Tu

Inategemea 16 zilizobaki zimefanya nini. Mpigaji A anapiga 20, anakosa 1, na kati ya 19 timu yako inashinda 6. Ni 30% ya servisi zake. Mpigaji B anapiga 20, anakosa 4, na kati ya 16 timu inashinda 8. Ni 40%. B ndiye bora, hata kama makosa yake yanauma macho. Wa kumtoa ni yule anayekosa 4 na zilizobaki wapinzani wanazipokea wakitabasamu.

Ila nakubaliana nawe katika jambo moja: kuna nyakati ambazo kosa ni ghali zaidi. Baada ya mpinzani kuomba taimauti, baada ya mwenzako kukosa servisi iliyopita, na ukiwa na pointi ya kumaliza seti. Hapo lenga kati ya wapokeaji wawili, kwa kasi unayoimudu.

Nne_Mbili

Kuna anayeshangaa kwa nini timu za wanawake za vyuo vya Marekani hutumia sana seta wawili, na kwingine haipo. Sababu ni sheria za kubadilisha wachezaji.

Kwa sheria za FIVB una mabadiliko 6 kwa seti, na aliyeanza akitoka anarudi mara moja tu, kwa nafasi ya yuleyule aliyemwingilia. Kwa hiyo ukitaka washambuliaji watatu mbele, unafanya mabadiliko mawili kwa pamoja: seta anayefika mbele anatoka na kuingia mshambuliaji, na wa kulia anayekwenda nyuma anatoka na kuingia seta wa pili. Mizunguko mitatu baadaye unawarudisha. Umetumia 4 kati ya 6, na huwezi kurudia seti hiyo. Kwa hiyo uamuzi ni wakati gani, siyo kama utafanya. Wengi hufanya mapema mno, seti ikiwa 8 kwa 8, kisha ifikapo 21 hawana kitu mkononi.

NCAA wanawake wana mabadiliko 15 kwa seti, ndiyo maana seta wawili wanaweza kupokezana seti nzima. Libero wao pia anaruhusiwa kupiga servisi katika mzunguko mmoja, wakati kwa FIVB haruhusiwi. Tangu 2024 pia hawapigi filimbi ya kugusa mara mbili kwenye mguso wa pili wa timu, ilimradi mpira ubaki upande wa timu hiyo. Kocha anayehamisha mbinu kutoka video za huko kwenda ligi ya FIVB aziangalie tofauti hizi kwanza.

Goti_na_Bega

Mimi ni upande wa tiba, niseme ya kwetu.

Kifundo cha mguu huumia zaidi chini ya wavu: mtu anatua juu ya mguu wa mpinzani aliyevuka mstari wa kati, au wa mwenzake kwenye bloku ya watu wawili. Fundisha kushambulia kwa kuruka juu badala ya kuruka mbele, na bloku itembee kwa hatua zilizokubaliwa ili wawili wasitue mahali pamoja. Aliyeteguka avae kifunga kifundo anaporudi na aendelee nacho miezi 6 au zaidi. Kinachotabiri kuteguka kuliko vyote ni kuteguka kwa awali.

Goti la mrukaji ni maumivu chini kidogo ya kofia ya goti. Haliji kwa ajali, linaongezeka wiki kwa wiki. Hesabu miruko. Msaidizi achague wachezaji watatu kila siku na kuhesabu tu. Hatari kubwa ni wiki ya kwanza baada ya likizo, mtu ametoka miruko sifuri hadi mamia. Maumivu yakiwepo, usimpumzishe kabisa wala usimwache aendelee vilevile: punguza miruko, akaze paja bila kusogeza goti, mara 5 za sekunde 45 kila moja, kwa uzito anaopewa na mtaalamu wa viungo. Kipimo ni kesho yake asubuhi: maumivu yakiwa juu kuliko jana, jana ilikuwa nyingi.

Bega: mshambuliaji anayeanza kupiga mpira ukiwa umeshuka mbele ya kichwa, au anayepunguza servisi za kuruka bila kuambiwa, anakuambia jambo. Muulize.

Kocha_Mtarajiwa

Na kwenye benchi? Taimauti ni sekunde 30, mtu anasema nini?

Benchi_la_Ufundi

Mambo mawili, la tatu halisikiki. Kutembea na kunywa maji kunakula sekunde 10. Ongea na wasaidizi sekunde hizo, kisha ingia ukiwa na sentensi tayari: "Anapiga servisi kati ya wa 5 na wa 6, libero achukue zote. Seta, mpira wa kwanza upeleke kulia." Basi. Usieleze kilichoharibika, wanakijua.

Una taimauti 2 kwa seti. Ya kwanza itumike pale mpigaji mmoja amepata pointi 3 mfululizo kwa njia ileile. Zikiwa zimekuja kwa njia tatu tofauti, huenda ni bahati, tulia. Kabla ya kuomba jiulize kama kubadilisha mpokeaji, au kusogeza wapokeaji hatua moja nyuma kwa ishara ya mkono, kungetosha.

Na tafadhali, karatasi ya mpangilio. Namba za jezi kwenye nafasi I hadi VI, sahihi yako chini. Aandike mmoja, asome mwingine kwa sauti akiwatazama wachezaji wenyewe. Ikishapokewa na mwamuzi, haibadilishwi ila kwa kutumia mabadiliko ya kawaida, kwa hiyo ukikosea namba moja umeungua badiliko kabla mpira haujapigwa. Kosa la mzunguko lisiloonekana mapema ni baya zaidi, linakugharimu pointi.

Nafasi_ya_Sita

Kilichobaki ni ofisi. Kocha mkuu anasaini bajeti ya safari, anaandika barua kwa wahadhiri kabla ya safari (wiki 2 kabla, zenye tarehe za mechi zote, siyo usiku wa kuamkia), anafuatilia alama za kila mchezaji katikati ya muhula. Mchezaji aliyepoteza sifa za kimasomo mwezi wa mwisho alionekana kwenye karatasi mwezi wa pili. Weka mtu mmoja wa kufuatilia na siku moja ya wiki.

Mkataba: soma kifungu cha kuvunja mkataba kwa pande zote mbili, nani analipa wasaidizi ukiondolewa, na lengo limeandikwa vipi. "Kuboresha timu" si lengo. Omba liandikwe kitu kinachohesabika.

Al Scates aliyeipa timu ya wanaume ya chuo kikuu cha UCLA mataji 19 kati ya 1963 na 2012 alikuwa pia mwalimu wa shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Sehemu nyingi ukocha wa chuo bado unashikwa na mtu mwenye kazi nyingine, na si aibu. Inachobadilisha ni mgawanyo: ukiwa na saa chache, jiwekee mazoezi, kikosi na karatasi ya mechi, na namba na video wape wasaidizi.

Kocha_Mtarajiwa

Mkuu, la mwisho. Umepewa timu leo, siku 30 za kwanza unafanya nini?

Nafasi_ya_Sita

Wiki ya kwanza kaa na kila mchezaji dakika 20: masomo, mwili, nafasi anayoitaka na anayoichezea. Wiki hiyohiyo pima mruko na urefu wa kugusa. Ya pili, tazama video za seti 10 za msimu uliopita na ujaze jedwali la mizunguko sita. Ya tatu, chagua mfumo wa mapokezi, watatu au wanne, kwa wachezaji ulionao na siyo unaowatamani. Ya nne, jaza lile jedwali la miaka na nafasi, uone seta wako anahitimu lini. Kama ni mwaka huu, simu ya kwanza ya usajili unaipiga kesho yake.

Goti_na_Bega

Na wiki ya kwanza omba rekodi za majeraha za kila mmoja kabla hujawaambia waruke hata mara moja.